Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kwa Nini Rekodi za Vipindi vya Televisheni vya HD Hutofautiana Ukubwa

Mtu hufungua orodha ya vipindi alivyorekodi akakuta mechi ya mpira ya saa mbili imekula gigabaiti 12, ilhali mjadala wa studio wa muda huohuo, uliorekodiwa kwa king'amuzi kilekile, haujafika hata gigabaiti 5. Wengi hudhani kuna kifaa kilichoharibika au mpangilio uliobadilika wenyewe. Mara nyingi hakuna kilichoharibika, na majibu yafuatayo yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi.

Je, ukubwa wa rekodi hautokani na urefu wa kipindi?

Muda ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu ya pili, ambayo watu wengi huisahau kwa sababu haionekani popote kwenye skrini, ni kasi ya data, yaani idadi ya biti zinazoingia katika kila sekunde ya kipindi. Zidisha kasi kwa muda, ugawanye kwa 8 ili kupata baiti kutoka kwenye biti, na hapo utakuwa na ukubwa wa faili. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, ikiendelea kwa saa nzima, huzaa megabaiti 450. Kwa hiyo chaneli inayotuma megabiti 4 kwa sekunde itakupa gigabaiti 1.8 kwa saa, na inayotuma megabiti 8 itakupa gigabaiti 3.6. Ukirekodi chaneli inayotuma megabiti 15, saa moja itachukua gigabaiti 6.75. Vipindi vyote vitatu ni vya HD, na vyote vina urefu wa saa moja.

Neno HD linataja idadi ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Halisemi lolote kuhusu idadi ya biti zilizotumika kuibeba picha hiyo.

Picha ya HD ingechukua nafasi kiasi gani kama isingebanwa?

Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana haraka kwenye skrini, yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikipewa biti 24 za rangi, na fremu 25 zikipita kila sekunde, kasi inafika takriban megabiti 1,244 kwa sekunde, na saa moja ya kipindi ingedai karibu gigabaiti 560. Hakuna antena wala dishi la nyumbani linalopokea mzigo wa namna hiyo kwa kila chaneli. Unachorekodi wewe ni mabaki ya kazi kubwa ya kubana. Rekodi ya gigabaiti 3.6 kwa saa imepungua zaidi ya mara 150 kutoka kwenye ukubwa huo. Ninapenda kuanza na hesabu hii kwa sababu inabadilisha namna ya kuuliza. Kila kipindi kimebanwa kwa kiwango kikubwa mno, na linalobaki kuchunguzwa ni kwa nini baadhi ya vipindi hukubali kubanwa kuliko vingine.

Picha hubanwaje, na kwa nini mpira hula nafasi kuliko mazungumzo?

Mashine ya kubana picha, ambayo mafundi huiita enkoda, hujitahidi kutorudia jambo ililokwisha kulituma. Huanza kwa kutuma fremu moja kamili inayojitegemea, kama picha ya kawaida ya kamera. Fremu zinazofuata hazitumwi kamili. Katika mifumo iliyozoeleka, enkoda huigawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, ambayo katika fremu ya 1920 kwa 1080 hufika 8,160, kisha kwa kila mraba hutafuta kama kitu kinachofanana nao kilikuwapo katika fremu nyingine iliyo karibu. Kikipatikana, enkoda huandika maelezo mafupi tu: mraba huu ni uleule wa awali, umesogea pikseli kadhaa kuelekea kushoto. Baada ya hapo hutuma tofauti ndogo iliyobaki, kama ipo. Fremu kamili hurudi baada ya muda mfupi, kwa kawaida ndani ya sekunde moja au mbili, ili anayebadilisha chaneli apate mahali pa kuanzia.

Sasa chukua mjadala wa studio. Watu wanne wameketi mezani, kamera imetulia, ukuta wa nyuma hausogei. Katika fremu 25 za sekunde moja, kinachobadilika ni midomo, macho, na pengine mkono mmoja unaoinuliwa. Maelfu ya miraba hujibiwa kwa maelezo yaleyale, kwamba hakuna kilichobadilika, na maelezo hayo hugharimu biti chache mno.

Kisha mtazame winga anayekimbia pembeni mwa uwanja huku kamera ikimfuata. Uwanja mzima unasogea kwenye skrini. Majani ya nyasi, ambayo katika picha iliyotulia ni rangi ya kijani tu, yamegeuka kuwa maelfu ya vidoa vinavyopita kasi huku vikififia kidogo kwa sababu ya mwendo, kiasi kwamba mraba wa sasa haulingani sawasawa na mraba wowote wa fremu iliyopita. Nyuma yake kuna mashabiki wanaopunga bendera, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna mwelekeo mmoja unaoweza kuueleza umati huo kwa ufupi. Mpira unapotoka, mwelekezaji huruka kwenye kamera nyingine, na kila kitu kilichokwisha kutumwa hakina kazi tena kwa sababu picha mpya haina uhusiano na ile ya awali. Mechi ikichezwa kwenye mvua, mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa matone hayatabiriki hata kidogo.

Mfano mkali kuliko yote huja mwishoni mwa fainali, nahodha anapoinua kombe na vipande vya karatasi vinavyometa vikirushwa hewani. Maelfu ya vipande hugeukageuka, kila kimoja kikiakisi taa kwa namna yake. Simamisha rekodi yako hapo hapo uitazame kwa karibu: nyuso za wachezaji zimekuwa laini kama zilizopakwa rangi, na kingo za ile miraba ya 16 kwa 16 zinaonekana waziwazi. Enkoda imefika kwenye kikomo cha kasi iliyoruhusiwa, na imelazimika kutupa undani wa picha ili isikivuke.

Ni vipindi gani vingine vinavyotofautiana kwa sababu ya picha yenyewe?

Katuni zilizochorwa kwa rangi tulivu hubanika kwa urahisi, kwani sehemu kubwa za picha ni rangi moja isiyo na mabadiliko. Filamu za zamani zilizopigwa kwa utepe wa kemikali zina punjepunje zinazocheza katika kila fremu, na kwa enkoda kila punje ni jambo jipya. Ndiyo maana filamu tulivu ya miongo mingi iliyopita inaweza kuzaa faili kubwa kuliko tamthilia ya kisasa iliyopigwa kwa kamera ya kidijitali. Kwa upande mwingine, filamu za skrini pana huja na mistari mieusi juu na chini. Katika filamu ya uwiano wa 2.39 kwa 1, mistari hiyo huchukua karibu robo ya fremu, na weusi usiobadilika haugharimu karibu chochote.

Yapo pia maudhui yaliyorekodiwa zamani kwa ubora wa kawaida, kisha yakakuzwa ili yarushwe kwenye chaneli ya HD. Pikseli ni nyingi lakini undani haukuongezeka, hivyo picha ni laini na rekodi huwa ndogo. Ukiona kipindi cha zamani kimechukua nafasi ndogo kuliko ulivyotarajia kwenye chaneli ileile, sababu yaweza kuwa hiyo.

Kipindi ni kilekile, chaneli ni ileile, lakini wiki hii rekodi ni kubwa kuliko ya wiki iliyopita. Inakuwaje?

Swali hili ndilo linalowasumbua watu zaidi, kwa sababu jibu lake liko nje kabisa ya kipindi ulichorekodi.

Chaneli ya kidijitali kwa kawaida haisafiri peke yake. Chaneli kadhaa hufungwa pamoja katika mkondo mmoja, unaoitwa maltipleksi, na mkondo huo una uwezo maalumu usioweza kuzidishwa. Katika mfumo wa ATSC unaotumika Marekani, mkondo mmoja wa upana wa megahezi 6 hubeba megabiti 19.39 kwa sekunde. Mfumo wa DVB-T2, katika upana wa megahezi 8, unaweza kubeba megabiti 40 na zaidi kutegemea namna ulivyopangwa. Chaneli zote zilizomo lazima zitoshe ndani ya uwezo huo katika kila sekunde.

Njia rahisi ingekuwa kumpa kila mmoja fungu lake lisilobadilika. Hasara yake ni kwamba chaneli ya mjadala ingeshikilia biti isizozihitaji huku chaneli ya mpira ikiteseka. Kwa hiyo warushaji wengi hutumia ugavi unaobadilika: kompyuta moja huzitazama chaneli zote kwa pamoja na, mara nyingi ndani ya sekunde moja, humwongezea biti mwenye picha ngumu na kumpunguzia mwenye picha nyepesi. Ni kama ndugu wanaolala kitanda kimoja, mmoja akijinyoosha wengine hujikunja.

Matokeo yake ni kwamba ukubwa wa rekodi yako hutegemea pia vipindi ambavyo hukuvirekodi. Wiki iliyopita, wakati wa tamthilia yako, chaneli jirani ilikuwa ikirusha mbio za magari, na tamthilia ikabanwa zaidi ili kuzipisha. Wiki hii jirani huyo anaonyesha mahojiano, na biti zilizobaki zimemwagika upande wako. Hakuna aliyegusa mpangilio wowote nyumbani kwako. Vilevile baadhi ya warushaji huongeza chaneli mpya katika mkondo uleule, au hufunga chaneli fulani usiku, na siku hiyo hiyo wastani wa chaneli zilizobaki hubadilika. Ukitaka kulithibitisha jambo hili, weka kumbukumbu ya kipindi kimoja kwa wiki kadhaa, ukubwa na tarehe tu, kisha linganisha na ratiba ya chaneli zinazotumia mkondo huo.

Mbona kwenye chaneli fulani kila saa huchukua nafasi ileile, iwe mpira au mjadala?

Chaneli hiyo hurushwa kwa kasi isiyobadilika. Enkoda imeamriwa kutoa kiasi kilekile cha biti kila sekunde, na picha inapokuwa nyepesi, biti hutumika kuinoa zaidi au nafasi hujazwa kwa pakiti tupu. Data ya televisheni ya kidijitali husafiri katika pakiti za baiti 188, na baadhi yake hazina kitu ndani, kazi yake ni kujaza nafasi tu. Vifaa vingi hutupa pakiti tupu wakati wa kurekodi. Vichache huziandika zote. Ndiyo maana watu wawili waliorekodi kipindi kimoja kutoka chaneli moja wanaweza kupata mafaili yenye ukubwa tofauti na picha iliyo sawa kabisa.

Nini tofauti ya MPEG-2, H.264 na H.265, na inaathiri vipi nafasi?

Hizo ni njia tatu za kubana, kila moja ikiwa na akili zaidi kuliko iliyotangulia. MPEG-2 ilikamilika katikati ya miaka ya 1990, H.264 ikaja mwaka 2003, na H.265 mwaka 2013. Kwa makadirio yanayokubalika na wengi, kila kizazi huhitaji karibu nusu ya biti za kizazi kilichotangulia ili kutoa picha ya ubora unaolingana. Chaneli iliyohama kutoka MPEG-2 kwenda H.264 inaweza kukupa rekodi zilizopungua kwa kiasi kikubwa bila wewe kuona tofauti yoyote usoni pa skrini. Ukilinganisha rekodi za chaneli mbili, hakikisha kwanza kwamba zote zimebanwa kwa njia moja, la sivyo ulinganisho hauna maana.

Je, chaneli ya 1080 lazima ichukue nafasi kubwa kuliko ya 720?

Hapana. Fremu ya 1280 kwa 720 ina pikseli 921,600 tu, lakini kwa kawaida hutumwa nzima mara 50 au 60 kwa sekunde. Fremu ya 1080 kwenye matangazo mengi hutumwa kwa nusu mbili za mistari inayopokezana, sawa na fremu kamili 25 au 30 kwa sekunde. Ukihesabu pikseli za sekunde moja katika mfumo wa 50, unapata milioni 46.08 kwa 720 na milioni 51.84 kwa 1080, tofauti isiyo kubwa kama majina yanavyoashiria. Zaidi ya hayo, baadhi ya chaneli zinazojiita za 1080 hutuma upana wa pikseli 1440 badala ya 1920, na televisheni huitanua picha inapoionyesha. Huo ni upungufu wa robo nzima ya pikseli.

Je, ninaweza kukiamuru king'amuzi kirekodi kwa ubora wa chini ili kuokoa nafasi?

Inategemea kifaa. King'amuzi kinachopokea matangazo ya kidijitali chenyewe, kwa kawaida, huandika kwenye diski mkondo uleule uliofika kutoka hewani, biti kwa biti. Hakibani upya, na hakina cha kuchagua. Ukubwa wote umeamuliwa na mrushaji kabla mawimbi hayajafika kwenye antena yako.

Hali ni tofauti kwa vifaa vinavyochukua picha iliyokwisha kufunguliwa, kwa mfano kupitia waya kutoka kwenye king'amuzi kingine, kisha vikaibana tena. Hivyo vina enkoda yake na huweza kukupa chaguo la kasi. Faida ni kwamba unaweza kupanga matumizi ya nafasi. Hasara ni kwamba picha inabanwa mara ya pili, na kila kubana kwa namna hii hupoteza undani usioweza kurudishwa. Ushauri wangu kwa mwenye vifaa vyote viwili ni kuhifadhi mkondo wa asili kwa vipindi anavyovithamini, na kuacha kubana upya kwa vile atakavyovitazama mara moja tu.

Sauti na maandishi ya chini ya skrini huchangia kiasi gani?

Kidogo. Sauti ya mizunguko ya 5.1, yaani ya spika sita, kwa kasi ya kilobiti 384 kwa sekunde huongeza karibu megabaiti 173 kwa saa, na sauti ya stirio ya kilobiti 192 huongeza nusu yake. Chaneli yenye lugha tatu za sauti inaweza kuonyesha tofauti ndogo kwenye faili ikiwa kifaa kimerekodi zote. Maandishi ni mepesi kiasi cha kutohesabika.

Faili kubwa ndilo lenye picha bora?

Si lazima, na hapa ningeomba msomaji awe mwangalifu, kwa sababu nimeona watu wakifuta rekodi nzuri kwa kuzihukumu kwa ukubwa peke yake. Mjadala wa gigabaiti 2 kwa saa unaweza kuwa safi kuliko mechi ya gigabaiti 6, kwa kuwa mjadala umepata kila ulichohitaji na mechi imepunjwa. Ulinganisho wa haki ni ule wa kipindi kilekile, kilichobanwa kwa njia ileile, kutoka vyanzo viwili. Hata hapo enkoda iliyo bora inaweza kufanya kazi nzuri zaidi kwa biti chache. Tazama sehemu ngumu, yaani maji yanayotiririka, moshi, giza lenye mwanga hafifu, umati wa watu, kisha uamue kwa macho yako.

Rekodi imekuwa ndogo kupita kiasi. Je, ni hitilafu?

Yawezekana. Mawimbi yanapokuwa dhaifu, kwa mfano wakati wa mvua kubwa kwa wanaotumia dishi, pakiti hupotea na haziandikwi, hivyo faili hupungua. Dalili yake ni picha inayoganda, miraba inayorukaruka na sauti inayokatika. Ikiwa kipindi kinachezwa vizuri mwanzo hadi mwisho na urefu wake ni kamili, udogo wa faili si hitilafu. Tazama urefu kwanza kabla ya kufuta chochote.

Kwa nini rekodi huzidi muda uliotangazwa kwenye ratiba?

Vifaa vingi huanza mapema kidogo na kumaliza baadaye, ili kipindi kilichochelewa kisikatwe. Ukiweka dakika 5 kabla na dakika 10 baada, kwa kasi ya megabiti 8 umeongeza megabaiti 900 kwa kila rekodi. Matangazo ya biashara nayo yamo ndani, na mara nyingi ni mazito, kwa kuwa picha hukatwa kila sekunde chache. Kuyaruka wakati wa kutazama hakupunguzi chochote kwenye diski. Nafasi hurudi tu faili linapokatwa na kuandikwa upya.

Diski yangu ni ya terabaiti 1, lakini inaonyesha gigabaiti 931. Na mbona rekodi moja imegawanyika katika mafaili mengi?

Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni 1, ilhali baadhi ya vifaa hutumia kipimo cha baiti 1,073,741,824 na bado huandika jina lilelile. Hakuna kilichopotea. Jambo hili huwachanganya pia wanaohamisha rekodi kwenye kompyuta na kukuta faili "limepungua".

Kuhusu kugawanyika, diski iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili moja linalofika baiti 4,294,967,296. Kifaa kinachotumia mfumo huo hulazimika kuanza faili jipya kila kinapokaribia kikomo hicho. Vipande vikiunganishwa kwa mpangilio wake, kipindi kiko kamili.

Nawezaje kukadiria saa zilizobaki kwenye diski?

Usitegemee sana saa zilizoandikwa kwenye boksi la kifaa, kwani zimekokotolewa kwa kasi moja ambayo huenda hailingani na chaneli zako. Chagua rekodi kama kumi za chaneli unayoirekodi mara nyingi, za aina mchanganyiko, ujumlishe ukubwa wake na ugawanye kwa jumla ya saa. Ukipata wastani wa gigabaiti 3 kwa saa na diski ina gigabaiti 240 zilizo wazi, una takriban saa 80. Kwa msimu wa michezo fanya hesabu ya pili ukitumia mechi pekee, kisha tumia jibu lililo dogo unapopanga rekodi za wiki nzima ukiwa safarini. Rudia hesabu kila unapoona wastani umehama kwa ghafla, kwa sababu huenda mrushaji amebadilisha njia ya kubana au ameongeza chaneli nyingine kwenye mkondo wenu.